Siku Moja Naivasha Ukitokea Nairobi: Mwongozo Kamili wa Ziwa, Kisiwa na Hell's Gate

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana mno. Waliondoka Nairobi Jumapili saa tatu asubuhi, wakafika Naivasha karibu saa sita, wakatumia saa nzima wakifuata nyua za mashamba ya maua wakitafuta pa kulifikia ziwa, wakapanda mashua saa nane upepo ukiwa umeshaamka, wakafika lango la hifadhi ya Hell's Gate wakati watu wanatoka, kisha wakakaa kwenye msongamano wa magari hadi usiku. Wengine wamerudia kosa hilo mara mbili, na mara ya pili wakailaumu hali ya hewa.

Tatizo ni saa. Ziwa Naivasha hutulia asubuhi na kuchafuka mchana, na jina lenyewe linatokana na neno la Kimaasai linalohusu maji yanayosukwasukwa. Anayepanga siku yake kwa kufuata tabia hiyo ya maji hupata karibu kila kitu, ilhali anayeanza na mengine na kuliacha ziwa hadi baada ya chakula cha mchana hulikuta limekwisha kubadilika. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kanuni hiyo: maji kwanza, nchi kavu baadaye, na kurudi mapema.

## Vitu vya kuwa navyo

Kusanya vitu hivi usiku, kwa sababu alfajiri hutakumbuka nusu yake.

- Kitambulisho cha taifa au pasipoti ya kila mtu mzima. Bei ya kuingia katika hifadhi za taifa hutegemea uraia na ukaazi, na asiye na kitambulisho anaweza kutozwa bei ya mgeni. Jambo hili huwakuta zaidi Wakenya waishio ng'ambo waliokuja likizo na kuacha hati zao kwa shangazi.
- Simu yenye chaji na pesa kwenye M-Pesa, pamoja na noti ndogo ndogo za matatu, maji na bahashishi.
- Chupa ya maji ya chuma au ya plastiki ngumu inayojazwa tena, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya, kwa hiyo yale maji ya chupa uliyonunua njiani yanaweza kuishia langoni.
- Sweta au koti jepesi, kofia, na mafuta ya kuzuia jua. Watu hudhani wanateremka Bonde la Ufa kwenda kwenye joto, kumbe ziwa liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi ya katikati ya jiji la Nairobi. Asubuhi utatetemeka, na saa sita jua litakuchoma bila wewe kuhisi joto.
- Viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika. Ndala ziache nyumbani.
- Mfuko usiopitisha maji wa kutilia simu na kitambulisho mtakapokuwa kwenye mashua.
- Darubini, kama unayo au unaweza kuazima. Zaidi ya aina 400 za ndege zimeonekana katika eneo la ziwa hili.

## Hatua ya 1: Amua usiku uliotangulia utafanya mambo mawili gani

Nimesema mawili. Ziwa, kisiwa cha Crescent, baiskeli ndani ya Hell's Gate, bonde la Ol Njorowa lililo humohumo na kuupanda mlima Longonot haviingii katika siku moja, na ukijaribu kuvibana utavionja vyote bila kukishiba hata kimoja. Kwa msafiri wa siku moja mimi hupendekeza mojawapo ya mipango hii mitatu.

Mpango wa kwanza ni mashua kisha kutembea kwa miguu kisiwani Crescent. Unawafaa wenye watoto wadogo, wazazi wazee, na yeyote asiyependa kutoka jasho.

Mpango wa pili ni mashua kisha baiskeli ndani ya Hell's Gate. Huu ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaovunjwa kirahisi zaidi na kuchelewa, kwa sababu unahitaji uwe majini kufikia saa mbili asubuhi.

Mpango wa tatu ni Hell's Gate peke yake pamoja na bonde la Ol Njorowa, kisha samaki kando ya ziwa bila kupanda mashua. Vijana wenye nguvu wataufurahia. Hapa bonde ndilo linalochukua asubuhi, kwa sababu nitakayoieleza katika hatua ya 8.

Angalia pia kalenda. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba; katika miezi hiyo mpango wa kwanza ndio salama zaidi. Jumamosi ni bora kuliko Jumapili kwa sababu ya barabara ya kurudi, na siku ya kazi ni bora kuliko zote mbili.

## Hatua ya 2: Jua unamlipa nani, na ulipe mapema unapoweza

Hapa ndipo wengi hujichanganya, hivyo nitakwenda polepole.

Hell's Gate ni hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na ada yake hulipwa kupitia mfumo wa eCitizen. Lango halipokei noti. Fungua akaunti na ulipe ukiwa nyumbani, kwa kuwa kusimama juani ukingojea neno la siri litumwe kwenye simu ambayo mtandao wake unasuasua ni njia ya kupoteza nusu saa ya bure. Hakikisha umechagua hifadhi yenyewe, tarehe yenyewe na kundi lako la uraia, kisha uihifadhi tikiti kama picha kwenye simu.

Ziwa Naivasha lenyewe si hifadhi ya taifa. Halina lango wala ada ya KWS. Unachokilipia ni mahali pa kupitia, yaani hoteli, kambi au ufuo wa umma, na mashua.

Kisiwa cha Crescent ni hifadhi ya watu binafsi yenye ada yake, iliyo mbali na ile ya KWS na mbali na nauli ya mashua. Kwa hiyo mwenye mpango wa kwanza atalipa mara mbili, na tikiti ya Hell's Gate haitamsaidia kitu hapo.

Sitaji bei hapa kwa makusudi, kwani ada za hifadhi hubadilishwa na mwongozo huishi kuliko bei. Zitazame kwenye eCitizen siku unayolipa.

Umefaulu hatua hii ikiwa usiku unalala na tikiti ya Hell's Gate kwenye simu, au ukiwa unajua kwa hakika kwamba mpango wako hauihitaji.

## Hatua ya 3: Ondoka saa kumi na moja alfajiri

Kutoka Nairobi hadi mji wa Naivasha ni takriban kilomita 90. Barabara ikiwa tupu, ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili. Baada ya saa moja asubuhi hesabu hiyo huvunjika, na ujenzi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa mwishoni mwa 2025, ni sababu nyingine ya kujipa muda wa ziada.

Ukiwa na gari lako, kuna njia mbili kuanzia Rironi. Njia ya juu hupita Limuru, Soko Mjinga na Kinungi. Ni pana zaidi, lakini kati ya Juni na Agosti ukungu wa asubuhi huweza kuifunika hata usione taa za gari lililo mbele yako. Njia ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, nayo ni nyembamba, ina malori mengi yaendayo Narok na kwingineko, na kulipita lori kwenye mteremko ule ni kucheza kamari. Mimi hutumia njia ya juu kwenda, na nikikuta ukungu hupunguza mwendo, nikawasha taa za chini, nikakubali kuchelewa dakika ishirini. Usiwashe taa kali ndani ya ukungu, kwa kuwa mwanga wake hukurudia machoni.

Ukisafiri kwa matatu, panda eneo la Nyamakima na River Road. Uliza swali moja kabla ya kuketi: "Hii inaishia Naivasha mjini?" Zile za Nakuru zitakuchukua kwa furaha, halafu zikushushe barabara kuu, nje ya mji, nawe utaanza siku kwa kutafuta bodaboda. Ukifika stendi ya Naivasha, tafuta matatu zinazofuata barabara ya Moi South Lake kuelekea Kongoni. Hizo ndizo zitakazokupitisha Karagita, njia panda ya Hell's Gate na kambi za kando ya ziwa. Mwambie kondakta jina la mahali unapotaka kushuka, na usiseme "ziwani", kwa sababu ziwa liko upande wako wa kulia safari nzima.

Ukiwa Naivasha mjini saa moja asubuhi, umeshinda nusu ya siku. Ukifika baada ya saa nne, futa jambo moja kati ya mawili uliyopanga, na ufanye hivyo kabla ya kunywa chai.

## Hatua ya 4: Tafuta mlango wa ziwa

Ramani ya simu itakuonyesha ziwa lililo umbali wa mita mia chache kutoka barabarani, nawe utadhani utakata kona yoyote na kulifikia. Sehemu kubwa ya ufuo ni mali ya mashamba ya maua, hoteli na nyumba za watu. Kuna ukuta, seng'enge na askari wa lango, na askari hana kosa.

Milango iliyo wazi kwako ni ya namna mbili. Ya kwanza ni fuo za umma, kama Karagita na Kamere, ambako wavuvi huleta samaki na mashua za wageni hupatikana. Ya pili ni hoteli na kambi zinazopokea wageni wa mchana, baadhi kwa ada ndogo ya kuingia, baadhi kwa sharti la kununua chakula. Fuo za umma ni rahisi na zina shughuli nyingi. Kambi zina vyoo safi, kivuli cha migunga ya gome la manjano, na mahali pa kuwaacha watoto wakikimbia.

Nenda na jina la mahali mkononi, na uthibitishe siku chache kabla kwamba pako wazi. Maji ya ziwa hili yamepanda sana katika miaka ya karibuni, na gati, njia na viwanja vilivyoandikwa kwenye maelezo ya zamani vingine viko chini ya maji leo.

## Hatua ya 5: Patana na mwenye mashua

Siku moja nilipatana bei na kijana mmoja ufukweni, nikaridhika, nikawapandisha wageni wangu wanne, na tuliporudi nikaambiwa bei ile ilikuwa ya kila mtu. Tulibishana mbele ya wavuvi waliokuwa wakicheka, nami nikalipa zaidi ya nilivyokusudia. Yule kijana hakuwa amesema uongo. Mimi ndiye sikuuliza.

Tangu hapo huuliza maswali manne, kwa sauti, mbele ya wenzangu, kabla ya mtu yeyote kukanyaga mashua:

1. Bei hii ni ya mashua nzima au ya kila mtu?
2. Ni ya muda gani, na tukikawia kisiwani mtatungoja au mtarudi kutuchukua?
3. Je, ada ya kisiwa imo au haimo?
4. Majaketi okozi yako wapi?

Swali la nne linahitaji jibu la macho. Taka uyaone, yawe yanatosha idadi yenu, na mtoto apate la kipimo chake, kwa kuwa jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto kichwani akitumbukia. Vaa lako na ufunge kamba zote. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Hesabu pia viti na watu, na tazama kama kuna kasia ndani, kwa siku ambayo injini itagoma.

Nahodha akikuambia jaketi si lazima kwa kuwa ziwa limetulia, mshukuru, uende kwa mwingine. Usimkaripie, maana kesho mtakutana.

## Hatua ya 6: Kaa majini saa moja hadi moja na nusu, kabla ya saa nne

Ingia mashuani mmoja mmoja, ukikanyaga katikati, kisha ukae. Kusimama wote upande mmoja ili kumpiga picha ndege ndicho chanzo cha mashua nyingi kuyumba. Chagueni mapema nani anapiga picha, wengine watulie.

Dakika kumi za kwanza mara nyingi hupita kati ya miti iliyokufa. Ni migunga iliyozamishwa maji yalipopanda, imebaki magogo meupe yaliyosimama majini, na juu ya kila tawi kuna mnandi ametandaza mbawa zake zikauke, kama nguo kwenye kamba. Mwambie nahodha apunguze injini hapo. Mwari huja karibu, kulasitara husimama kwenye mafunjo bila kutikisika, na mlio wa furukombe utausikia kabla hujamwona.

Baadhi ya manahodha hupiga mluzi na kumrushia furukombe samaki mdogo aliyetiwa kipande cha funjo ili aelee, na ndege hushuka kumnyakua mbele ya kamera. Ni jambo la kupendeza, na ukilitaka ulizia gharama ya samaki mapema. Mimi huridhika na yule anayewinda mwenyewe, japo humlazimu mtu kuwa na subira.

Halafu kuna viboko. Mchana hukaa majini kwa makundi, na unachokiona ni masikio, macho na pua tu. Kiboko mmoja akizama usijue alikokwenda, huo ndio wakati wa kuondoka. Mashua ikae mbali, na isiingie kati ya viboko na ufuo au kati ya mama na mtoto wake. Kamwe usimwongezee nahodha pesa ili asogee karibu zaidi. Utakuwa unanunua hatari kwa ajili ya watu wote mliomo. Kwa sababu hiyohiyo usiogelee na usichovye miguu, hata pale maji yanapoonekana matupu.

Ishara ya kurudi ni rahisi kuisoma. Uso wa ziwa ukianza kufanya mikunjo midogo ya giza inayosogea upande mmoja, upepo umefika. Mwanzoni ni wa kufurahisha. Nusu saa baadaye mawimbi mafupi huanza kuipiga mashua ubavuni, na maji baridi huwaloanisha wote hadi kiunoni. Magugumaji nayo husukumwa kwa pamoja na upepo na kuziba njia ya gati, hivyo mashua inayochelewa huweza kuhangaika ikiona ufuo mbele yake. Ukishuka ukiwa mkavu, na bado unatamani dakika kumi zaidi, umeipatia.

## Hatua ya 7: Nchi kavu, kisiwa au baiskeli

Kwa mwenye mpango wa kwanza. Mashua itakushusha Crescent, kisiwa chenye umbo la hilali ambacho ni ukingo wa volkano ya kale uliochomoza majini. Maji yakipungua sana, kisiwa huungana na nchi kavu. Kwa hiyo usishangae ukisikia mtu alikwenda kwa miguu. Hakuna simba wala chui huko, ndiyo maana unaruhusiwa kutembea katikati ya twiga, pundamilia, nyumbu na kuro. Ruhusa hiyo isikulevye. Twiga ana teke, kuro dume hana mzaha, na kando ya maji bado kuna viboko. Tembea mahali peupe, wape wanyama nafasi ya kukukwepa, na usimkate mnyama njia yake ya kwenda majini. Saa mbili zinatosha.

Kwa mwenye mpango wa pili. Njia panda ya Hell's Gate iko kiasi cha kilomita 16 kutoka mjini kwenye barabara ya Moi South Lake, na hapo utapokelewa na safu za baiskeli za kukodi. Kutoka hapo hadi lango la Elsa ni kama kilomita 2.

Usichukue baiskeli ya kwanza unayosukumiwa. Inyanyue gurudumu la mbele ulizungushe, uone kama linagusa breki. Bana breki zote mbili ukiisukuma. Gurudumu lisipokwama, iache. Badilisha gia ukiwa unaendesha mita hamsini, kwa kuwa mnyororo unaoruka hapa barabarani utakatika kule ndani. Rekebisha kiti hadi mguu ukaribie kunyooka. Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Mwisho, chukua namba ya simu ya mwenye baiskeli na umwulize afanyaje tairi likipasuka ukiwa ndani. Ukaguzi huu huchukua dakika tano, na watu huona aibu kuufanya mbele ya mwenye mali. Usione aibu.

Hifadhi ina kilomita za mraba 68, nayo ni miongoni mwa hifadhi chache za taifa nchini ambako unaruhusiwa kuendesha baiskeli na kutembea kwa miguu. Muda mfupi baada ya lango utaona Fischer's Tower, nguzo ya mwamba yenye urefu wa takriban mita 25, na pimbi wakiota jua chini yake. Pimbi hawana neno. Nyani ndio wa kuangaliwa, kwa sababu mfuko wa mkate ukiuweka chini ili upige picha, picha utakayoipata ni ya mfuko ukipanda mwamba.

Kutoka lango la Elsa hadi eneo la bonde ni kama kilomita 8, njia ya vumbi laini la volkano katikati ya kuta za miamba. Pundamilia, swala, ngiri na kongoni watakuwa pande zote mbili. Ukikuta nyati, hasa aliye peke yake, simama mbali, shuka polepole, na ungoje apite au urudi ulikotoka. Usijaribu kumpita kwa kasi.

Jambo linalowashinda wengi ni hili: kwenda bondeni kuna mteremko mdogo usiouhisi, hivyo utajisifu miguu. Kurudi ni kupanda, jua likiwa utosini na vumbi likizishika tairi. Kwa hiyo hesabu nguvu zako kwa kurudi. Maji yakifika nusu ya chupa, geuza baiskeli popote ulipo. Anayerudi langoni akiwa na mafunda mawili ya akiba amepanga vizuri, na anayeikokota baiskeli kilomita tatu za mwisho atakuwa amegeuka kwa kuchelewa.

## Hatua ya 8: Bonde la Ol Njorowa, kwa wenye mpango wa tatu tu

Bonde hili jembamba, lenye kuta zilizochongwa na maji na michirizi ya maji moto inayotoka mwambani, ni zuri kupita kiasi, na ndilo sehemu ya hatari kuliko zote katika mwongozo huu. Mvua inaweza kunyesha mbali, mahali usipopaona, wewe ukiwa chini ya anga la buluu, na maji yakaja kwa ghafla katika njia usiyoweza kuikimbia. Mafuriko ya namna hiyo yaliua wageni mwaka 2012, na Septemba 2019 yaliua tena watu saba.

Kwa hiyo masharti yangu hapa hayana mjadala. Ingia asubuhi, kwa kuwa mvua nyingi za eneo hili hujengeka mchana. Waulize askari wa KWS kama bonde liko wazi siku hiyo, na kama mvua imenyesha jana au usiku upande wa juu. Ingia na kiongozi wa njia tu, na umwombe akuonyeshe sehemu za kutokea kabla hamjateremka. Wingu zito likionekana upande wowote, tokeni. Mkisikia ngurumo, tokeni. Maji ya kijito yakibadilika rangi kuwa ya udongo, msingoje hata kuulizana.

Askari wakisema limefungwa, usitafute kijana wa kukupitisha kwa mlango wa nyuma.

Ndani, usiyaguse maji ya kwenye ukuta kabla kiongozi hajakuambia ni ya namna gani. Eneo hili ndilo la Olkaria, ambako umeme huzalishwa kwa mvuke wa ardhini, na baadhi ya michirizi huunguza ngozi.

## Hatua ya 9: Kula

Saa saba au saa nane, rudi Karagita au Kamere ule samaki. Mchague mwenyewe akiwa mbichi: macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Patana bei kabla hajaingia mafutani, na uulize kama ugali na mboga vimo. Perege ni rahisi kumla. Kapi, samaki mnene ambaye sasa amejaa ziwani, ana ladha nzuri lakini vijiba vyake ni vingi na vimejificha, basi usimpe mtoto. Kama ulipanga kula hotelini, agiza kwa simu saa moja kabla, ama utaingoja sahani hadi saa kumi.

## Hatua ya 10: Geuza gari saa tisa alasiri

Jumapili jioni, magari yote yaliyotoka Nairobi Ijumaa na Jumamosi hurudi kwa barabara ileile, na foleni kati ya Naivasha na Rironi huanza kukaza kuanzia saa kumi. Anayeondoka saa tisa huenda akafika nyumbani kabla ya giza. Anayeondoka saa kumi na moja huweza kufika saa nne usiku. Abiria wa matatu wana sababu ya ziada, kwani jioni watu hujaa stendini na nauli hupanda.

Ukijikuta umechelewa na jua linazama, usikae kando ya maji kungojea picha ya mwisho. Viboko hutoka ziwani jioni kwenda kula majani, na njia zao hupita kwenye nyasi zilezile ulizokuwa umelalia mchana. Kama uko kambini, rudi upande wa ndani wa uzio wa nyaya za umeme na uulize kama wana chumba au hema la kukodi. Kulala na kuondoka saa kumi na mbili asubuhi Jumatatu hugharimu zaidi kwa pesa, ila hukuepusha na mlima wa Kinungi usiku, malori yakiwa yamezima taa za nyuma.